Mume Wangu Alisema Anasikia

Watu hunitaka nisimulie habari za vita, kana kwamba mimi nilikwenda vitani. Sikwenda. Nilibaki Usukumani nikilima mtama na pamba, nikimtunza mama mkwe. Vita vilinikuta nyumbani baada ya kwisha, vimevaa koti refu la kijeshi na buti zisizo na kamba. Vita hivyo ni mume wangu. Nimeishi navyo miaka mingi kuliko serikali iliyovipigana, kwa hiyo nikivisema vibaya nina haki yangu.

Kwetu ni upande wa Shinyanga. Tulikuwa tukitoka alfajiri kwa miguu, tunafika Kolandoto, penye hospitali ya misheni, jua halijawa kali. Mume wangu alirudi kutoka Bama, alikopelekwa na Waingereza kupigana na Wajapani, pamoja na wenzake wachache, na kijiji kizima kikatoka kumpokea. Tulichinja dume letu la ng'ombe, vijana wakacheza ngoma siku mbili, na mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu chini ya mtemi, akamkalisha ubavuni pake kwenye kigoda. Watu walimwuliza maswali, naye akawasimulia mvua na matope na vilima. Aliulizwa kama Wajapani wanakula watu, akajibu kwamba mchele wa kule unanata. Watu wakacheka, wakasema vita vimemfundisha mzaha.

Alikuwa shujaa kwa muda wa mwezi mmoja. Baada ya hapo walishayajua masimulizi yote, na wa kumsikiliza akabaki mama yake.

Mimi ndiye niliyegundua kwanza, na niligundua kwa hasira. Nilikuwa nikimwita nikiwa jikoni haitiki. Namwambia kuni zimekwisha, ananipa mgongo. Nikajisemea, haya, bwana mkubwa amerudi na cheo, hazungumzi na wapika ugali. Nikamnunia. Nilimnunia wiki mbili nzima, wala hakujua kama amenuniwa, maana kununa kwangu ni kunyamaza. Alikula, akalala, akaamka akiwa na furaha zake. Nilikaribia kupasuka.

Siku moja nilichukua chungu changu kizuri cha mchuzi, nikasimama nyuma yake, nikakiachia kwenye jiwe la kusagia. Kuku waliruka mpaka juu ya paa. Mbwa wa jirani akabweka. Mume wangu aliendelea kuchonga mpini wa jembe. Nikakaa chini nikalia, na nilipomaliza kulia nikaanza kukasirika kwa sababu ya chungu.

Nikazunguka nikasimama mbele yake. "Baba, husikii?"

Aliangalia mdomo wangu, si macho. "Nasikia."

"Tangu lini husikii?"

"Nimesema nasikia."

Ilinichukua msimu mzima kumtoa neno. Alikuwa akibeba mabomu ya mizinga mikubwa, ile inayotetemesha ardhi mpaka meno yanagongana. Siku moja damu ilimtoka masikioni, akajifuta, akaendelea na kazi, na kesho yake dunia ikawa kama imefunikwa na ngozi. Aliniambia hayo mara moja tu, akaniapisha. "Ukimwambia mtu, mimi naondoka hapa."

Naeleza kwa nini, ili msimwone mjinga kuliko alivyokuwa. Kwetu kiziwi hahesabiwi kikaoni. Hapewi neno wala haulizwi neno. Watu humfanyia ishara za mikono kama anayefukuza nzi, hucheka mbele yake wakijua hajui wanachekea nini, na ng'ombe wake wakipotea wanasema, "Basi tena, ni wa kiziwi." Mume wangu alikuwa ameona mtu wa namna hiyo alipokuwa akikua. Aliona ni afadhali watu wamwite mwenye maringo. Na walimwita hivyo.

Aliweza kujificha muda mrefu kwa sababu ya salamu zetu. Salamu za Kisukuma ni ndefu, lakini kila siku ni zile zile. Mtu anakwambia mwangaluka, unamjibu mwangaluka. Anauliza ukoo, unataja ukoo. Anauliza watoto, ng'ombe, mvua, nawe unajibu salama, salama, salama. Mtu akimjia kwa mbele, mume wangu aliyapita yote hayo bila kukosea hata moja. Shida ilikuwa kwa waliomjia kwa nyuma. Hao walisalimu mgongo, wakaenda kutangaza kwamba askari huyu amekuwa Mzungu.

Mwaka uliofuata alikwenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu, kama walivyokwenda wanaume wengi wa rika lake. Nilimwambia usiende. Akanipungia mkono. Kumbe kule, kabla ya kuwasha baruti, nyapara hupuliza filimbi na watu wote hutoka shimoni. Mnajua tayari kilichotokea. Wachimbaji wawili walimburuta kwa miguu utambi ukiwa unawaka, na alipofikishwa juu nyapara akamwuliza kama amechoka kuishi. Alijibu, "Niko salama, na wewe?" Alifukuzwa siku hiyohiyo. Akarudi nyumbani akaniambia hewa ya Geita haikumpenda; mengine nilisimuliwa na wenzake.

Sasa niseme juu ya mwano, maana bila mwano nisingekuwa na la kuandika.

Mwano ni yowe. Linapigwa mtu akiibiwa ng'ombe, akivamiwa na simba, au nyumba ikishika moto. Ukilisikia unaacha ulichoshika. Anayekula anaacha ugali, anayenyolewa anaondoka na nusu ya nywele. Wanaume wote hukimbilia linakotoka na mikuki na marungu. Asiyekwenda huhesabiwa kuwa ama mwoga ama mshirika wa wezi, na hilo la pili ndilo husemwa kwanza. Vilevile mwano haufanyiwi mchezo. Anayeupiga bure hutozwa faini, hata akiwa mama wa mwanangwa.

Ilikuwa kiangazi, saa za mchana. Nilikuwa nimekwenda kuteka maji kwenye mchanga wa mto, mbali. Jirani yetu, ambaye ua wake wa minyaa ulipakana na wetu, aliporwa ng'ombe sita huko mbugani. Alikuja mbio kijijini akapiga mwano, akarudi mbio na wanaume kwa njia inayopita nyuma ya ua wetu. Mume wangu alikuwa amekaa uani akisokota kamba ya katani, kaipa njia mgongo. Wakapita. Walipita wengi, na vumbi lao, na kelele zao. Jirani alisema baadaye kwamba alikuwa karibu kiasi cha kuweza kumgusa kwa ncha ya mkuki, na kwamba mume wangu alikuwa akivuta sigara taratibu kama mtu anayesubiri chai.

Ng'ombe hawakuonekana tena. Nyayo zao zilifuatwa mpaka kwenye misitu ya upande wa Ushirombo, zikapotelea huko.

Habari nilizipata kwa wanawake huko mtoni. Nilirudi mbio maji yakimwagika, nikamkuta amesimama uani akiivuta kamba yake kwa mikono miwili. "Itazame," akaniambia. "Hii haikatiki mpaka tufe." Nilitamani kumfunga nayo.

Wazee walimwita. Mzee aliyeuliza maswali alikuwa na ndevu zilizoufunika mdomo wote, kwa hiyo mume wangu hakuona hata neno moja likitoka. Aliona tu kwamba maneno yamekwisha na watu wanamngoja. Lakini hakuwa mjinga. Alijua ameitwa kwa ajili gani, kwa kuwa mimi nilikuwa nimemweleza nyumbani uso kwa uso, polepole, mara tatu. Akasema, "Sikwenda."

Wakamwuliza sababu.

"Sikwenda. Basi."

Mtu amepewa nafasi ya kujiokoa kwa neno moja, naye anasema basi! Wazee waliamua tutengwe mpaka kikao cha kabla ya mvua. Hapo, kama mume wangu hatakuwa na la maana la kusema, tuondoke kijijini tukatafute mahali watu wanapokaa bila kusaidiana.

Asiyewahi kutengwa hawezi kujua. Hakuna anayekuja kwako kuomba moto, wala anayekupa wake ukizimika. Ng'ombe wako hawanywi mpaka wengine wote wamalize. Vijana wanaolima mashamba kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, wanaruka shamba lako kana kwamba ni shimo. Unasalimu, mtu anatazama juu kuangalia mawingu, na mawingu hayapo. Nilisutwa kwa macho na wanawake niliowakandia matumbo walipokuwa wakijifungua. Hao ndio walewale waliokula dume letu na kucheza ngoma uani petu! Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakucheza kwanza.

Mama mkwe alikuwa amelala hoi kwa kifua. Kila jioni aliniuliza swali lilelile: "Mkamwana, nikifa mtanizika na nani?" Nilimwambia mwanao akisema ukweli, utazikwa na kijiji kizima. Akageukia ukutani. "Mwanangu si kiziwi," akasema. "Mwanangu ana mawazo." Nikaona nimeolewa katika ukoo wa watu wa aina moja.

Siku hiyo nilimshika mume wangu mashavu kwa mikono miwili ili asigeuze uso. "Sema neno moja tu. Waambie. Wao ndio waliokutuma vitani, ukaumia huko, aibu yako iko wapi?"

Aliniondoa mikono, bila ukali. "Sasa hivi mimi ni mtu mbaya," akasema. "Mtu mbaya bado ni mtu. Nikisema, nitakuwa kiziwi."

 Jibu la maneno hayo nimelitafuta miaka mingi, na bado yananikera.

Nikaamua kutumia akili. Nilijifanya naumwa tumbo, nikajikunja, nikamwambia anisindikize Kolandoto hospitali. Tulipofika nikajinyoosha, nikamsukuma yeye mbele ya daktari. Lazima niseme kwamba kule tulitendewa vizuri. Daktari alimchungulia masikio kwa taa ndogo, upande huu na upande huu, akatikisa kichwa. Muuguzi, mama mmoja mpole, alinieleza kwamba ngozi za ndani ya masikio zimepasuka, sikio moja limeoza, na dawa ya kurudisha kusikia haipo. Kisha akamgeukia mume wangu akamwambia polepole, kwa midomo iliyo wazi, "Baba, usijifiche. Utagongwa na gari." Wakatuandikia karatasi. Nikasema moyoni, haya, sasa wazee wataiona.

Njiani mume wangu akaniomba karatasi aiangalie. Nikampa, kwa sababu mimi nami ni mpumbavu. Aliikunja vizuri, akaichana vipande vinne, akatoa tumbaku aliyoletewa kutoka Ushetu, akasokota sigara. Ushahidi wangu ulitoka puani mwake kabla hatujafika nyumbani.

Ikabaki ofisi. Mjini palikuwa na ofisi moja iliyoshughulikia askari waliorudi vitani. Jina lake silitaji, na aliyekuwamo simjui. Tulisikia kwamba aliyeumia vitani akienda pale anaandikiwa cheti chenye mhuri. Mhuri wa serikali hausokotewi sigara hivihivi. Safari hii nilimwambia mume wangu kwamba wanagawa mablanketi, akakubali kwenda.

Kwenye benchi la barazani tuliwakuta wengine. Palikuwa na mmoja asiye na mguu wa kushoto, suruali yake kaikunja na kuibana kwa mwiba. Mwingine mikono ilikuwa ikitetemeka bila kupumzika; mkewe alikuwa akimnywesha maji kama mtoto. Wa tatu alitoka Ushirombo, Mkatoliki, rozari ameizungushia mkononi, mtu mzima wa mwili kabisa, ila alikuwa akicheka peke yake na kisha kuomba radhi. Walimpisha mume wangu akae bila kuuliza kitu. Yule wa mguu mmoja alimtazama kidogo tu, akanigeukia mimi. "Mizinga?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Watu wa kijijini kwetu walikuwa wamekaa naye zaidi ya mwaka wasione, na huyu aliona kabla benchi halijapata joto.

Jina lilipoitwa, mtu wa mguu mmoja alimgonga mume wangu kwa gongo lake. Nikaingia naye. Karani alikuwa ameinamia meza akiandika, na aliuliza maswali yake akiwa ameinama hivyohivyo, anayauliza makaratasi. Jina? Kimya. Kijiji? Kimya. Nikajibu mimi. Karani akasema, bado ameinama, kwamba mwanamke hakuwa askari. Nikamwambia, "Baba, huyu hasikii. Ndicho kilichotuleta."

Ndipo karani akainua uso. Alimtazama mume wangu sawasawa, akamwuliza kwa sauti kubwa, midomo ikicheza vizuri kabisa, "Wewe! Husikii?"

Mume wangu alijinyoosha, akaunganisha visigino. "Nasikia, bwana!"

Ningekuwa na chungu kingine ningekivunjia kichwani kwake. Karani alinitazama kama mwizi wa mablanketi. Aliandika, akapiga mhuri kwa nguvu, akatukabidhi. Nilijua kusoma kwa kuwa nilipita darasa la misheni, kwa hiyo nilisoma pale pale mlangoni: askari huyu amefika mwenyewe, ameulizwa, anasikia. Hivyo nikawa na cheti cha serikali, chenye mhuri, cha kuthibitisha kwamba mume wangu aliusikia mwano akaupuuza.

Kurudi nilitangulia mbele kwa hasira. Nilimtukana njia nzima, yeye na karani na wazee na Wajapani, kwa raha zangu, maana alikuwa nyuma. Nilianza kwenye mipaka ya mji nikamaliza kwenye miti ya kwetu. Tulipokaribia nyumbani alinifikia, akanigusa bega. "Mgongo wako unasema sana leo," akasema.

Nilicheka. Sikutaka kucheka, lakini nilicheka, kisha nikazidi kukasirika kwa kuwa nimecheka. Cheti kile nilikitia motoni usiku uleule.

Kikao kilikaa asubuhi, uani kwa mwanangwa, kando ya zizi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa na kila mtu alitaka mambo yaishe akaandae shamba. Wanaume walikaa kwa duara kwenye vigoda, mikuki na fimbo wameziegemeza kwenye ua karibu na mlango. Sisi wanawake tulikaa nyuma, penye maghala. Mume wangu aliwekwa mbele, amewatazama wazee, mimi niko mgongoni mwake.

Jirani alisimama kwanza. Sikuweza hata kumchukia, maana alisema kwa haki. Alisema mwaka wa njaa tulimwomba mbegu, naye akatugawia. Alisema hadai ng'ombe, ng'ombe wamekwenda. "Ninachotaka kujua," akasema, "ni kwa nini ulinipa mgongo." Akangoja. Mume wangu alimtazama kwa makini sana, kama anayesoma maandishi madogo, na jirani alikuwa akizungumza haraka kwa uchungu, midomo inatetemeka, haisomeki.

Hakujibu. Mzee mmoja akasema yale ya sikio la kufa halisikii dawa, na watu wakaguna kukubali. Mpaka leo mtu akinitolea methali hiyo naondoka.

Mzee wa ndevu akaanza kutoa hukumu. Niliwaza nisimame niseme. Lakini nilimjua mume wangu. Ningesema hasikii, wangemgeukia wamwulize, na yeye angejinyoosha mbele ya kijiji kizima, aunganishe visigino, aseme anasikia. Ningekuwa mwongo, naye angekuwa mtu mbaya, na mama mkwe angezikwa na sisi wawili porini. Mzee alikuwa ameshafika kwenye maneno "kabla ya mvua ya kwanza." Nikaona huruma haijasaidia, daktari hajasaidia, serikali ndiyo imeharibu kabisa.

Nikasimama nikapiga mwano.

Niliupiga kwa kifua chote, na hasira za miaka yote zikiwa ndani yake. Sijawahi kupiga yowe kama lile hata nilipozaa. Na wanaume wakaondoka. Hawakuondoka kwa kufikiri. Miguu ndiyo iliyowaondoa. Vigoda vilipinduka, mzee wa ndevu aliliacha neno lake mdomoni, mwanangwa mwenyewe alitoka na katambuga moja mguuni, na wote wakajazana mlangoni wakinyakua mikuki. Wanawake wengine wakauitikia mwano bila kujua ni wa nini.

Mume wangu alibaki amekaa. Mikono iko magotini, shingo imenyooka, anaitazama nafasi alipokuwa mzee. Nadhani alifikiri wazee wamesimama ili washauriane. Uani hapakuwa na mwanamume mwingine, ni yeye na vigoda vilivyopinduka.

Kisha akageuka, akaona vumbi mlangoni na migongo ya watu. Hakuniuliza kitu. Hakunitazama hata mimi. Aliruka, akachukua mkuki uliosalia kwenye ua, akatoka mbio.

Mimi nami nikatoka. Wanaume walikuwa wamesimama nje wakiulizana, "Wapi? Ni wapi?" Nikawaambia hakuna wezi. Nimepiga mimi. Nikasema nitozeni mnachotaka, lakini geukeni mtazame. Mtu mmoja aliniinulia fimbo, mwanangwa akaanza kunikaripia, na kabla hajamaliza mume wangu akapita katikati yao. Alipita kwa kasi, mkuki juu, macho mbele, akawaacha. Alielekea mbugani, kule ng'ombe wa jirani walikoporwa.

"Rudi!" mwanangwa akaita. "Hakuna kitu!"

Aliendelea kukimbia.

Wakamwita kwa jina lake. Wakamwita kwa jina la baba yake na la ukoo. Wakaita watatu pamoja, kisha kumi, kisha wote, watu wazima wenye sauti za kuitia ng'ombe wakipiga kelele kwa nguvu zao zote, naye anazidi kuwa mdogo kwenye mbuga tupu, peke yake, anakimbilia wezi ambao hawapo. Kila walivyomwita ndivyo walivyozidi kuelewa. Sauti zikaanza kupungua, moja moja. Mzee wa ndevu alikuwa wa mwisho kunyamaza.

Jirani aliangusha fimbo yake akamfuata. Alikuwa mnene na hakuwa na mbio, ikamchukua muda. Alimfikia mume wangu mbali kabisa, alipokuwa amesimama akizunguka huku na huku akitafuta nyayo, akamgusa bega. Mume wangu aligeuka na mkuki umeinuliwa. Akamtambua, akaushusha. Tuliona jirani akisema kitu, akaacha. Akasogea karibu, akamshika mkono, akasema tena, taratibu, uso kwa uso.

 Mume wangu akamjibu kwa sauti ya mtu asiyejua ukubwa wa sauti yake, na sisi sote tuliosimama kule mbali tukasikia kila neno.

"Siku ile sikuusikia, ndugu yangu. Mimi sisikii."